Oda ya picha rasmi ya mwenyekiti wa benki "kama zile za Hispania": koti jeusi, ngozi nyeusi na unyevu wa Dar

KanvasiTemeke (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Kuna oda ya picha rasmi kwa rangi ya mafuta. Anayechorwa ni mzee aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya benki, na kabla ya hapo aliwahi kushika wizara. Picha itatundikwa ukumbi wa bodi, ghorofani huku Posta, kiyoyozi kinawashwa asubuhi na kuzimwa jioni. Walioagiza wameleta mifano: wenye benki na mawaziri wa fedha wa Hispania, karne ya 19. Koti jeusi, shati jeupe, nyuma giza, mkono mmoja juu ya meza yenye karatasi. Wanasema wanataka heshima ile ile. Kipimo ni sm 125 kwa 100, mzee aonekane hadi juu kidogo ya magoti.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Zile picha zilikuwa zinapangwaje? Vitu vilivyomo vina maana au ni mapambo tu?
2. Koti jeusi lisigeuke shimo, linapakwaje? Majaribio mawili kwenye ubao mdogo yametoa weusi uliokauka ukiwa na mabaka, mengine yanang'aa na mengine yamefifia.
3. Mzee ni mweusi hasa. Nikifuata mfano wa Kihispania, uso unazama na shati ndilo linaloonekana.
4. Kanvasi gani itavumilia hewa ya hapa?

---

MwalimuUpanga

Ndugu yangu, nianze na namba 1, maana ukiikosea hiyo hata rangi nzuri haitakuokoa.

Desturi ya benki ya Hispania kuagiza picha za wakuu wake ni ya zamani kuliko karne ya 19. Banco de San Carlos ilianzishwa mwaka 1782 kwa wazo la Francisco Cabarrús, mzaliwa wa Bayonne upande wa Ufaransa. Benki hiyo ndiyo iliyompa mchoraji Goya oda za kuchora wakurugenzi wake: Toro y Zambrano mwaka 1785, Conde de Altamira 1787, Cabarrús mwenyewe 1788. Kwa picha ya Cabarrús Goya alilipwa reale 4,500 (fedha ya Hispania ya wakati huo), na malipo yakaandikwa kwenye hesabu za benki. Baadaye Cabarrús akawa Waziri wa Fedha wa mfalme Joseph Bonaparte mpaka alipofariki mwaka 1810. Kwa hiyo mtu mmoja kubeba benki na serikali kwa pamoja, kama mzee wako, si jambo geni kwenye picha hizi.

Karne ya 19 ikaja na Banco de San Fernando (1829) na Banco de Isabel II (1844). Zikaunganishwa mwaka 1847, na mwaka 1856 ndipo jina la Banco de España likaanza kutumika. Gavana wake wa kwanza kwa jina hilo, Ramón de Santillán, alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Fedha. José de Salamanca, mwenye benki na mtu wa reli, naye alishika wizara hiyo mwaka 1847. José Echegaray ndiye aliyekuwa waziri mwaka 1874 benki ilipopewa haki ya peke yake ya kutoa noti, na mchoraji Sorolla akamchora mwaka 1905.

Sasa linganisha. Cabarrús wa Goya amesimama mzima, nyuma yake hakuna kitu, suti ya kijani inameta kama dhahabu, na mwili wake unasogea. Hana meza wala kiti. Altamira ameketi kando ya meza ya kazi. Karne ya 19 ilifuata zaidi njia ya Altamira: meza, karatasi, kiti chenye mgongo mrefu. Rangi za nguo zikaisha na koti jeusi likashika nafasi. Mabadiliko hayo yana sababu. Mkuu wa benki wa wakati wa malkia Isabel II anataka aonekane mtu wa hesabu na sheria, asionekane mtu wa karamu za ikulu. Weusi wa nguo ndio uaminifu wake. Ndiyo maana Federico de Madrazo, aliyechora watu wengi wa tabaka hilo mjini Madrid, aliweka nguvu zote usoni na mikononi, nyuma akaacha kijivu cha kahawia kisicho na habari.

Kwa hiyo ndiyo, vitu vina maana, na kila kitu ni dai linaloweza kukaguliwa. Karatasi mkononi inasema "huyu alitia saini jambo fulani". Kama hakuna jambo hilo, usiweke karatasi. Muulize mzee na benki: ni hati gani, sheria gani, jengo gani lilianza wakati wake? Weka kimoja. Vikifika vitatu picha inakuwa duka. Kalamu ya wino na miwani iliyokunjwa juu ya jalada lililofungwa vinatosha, na miwani husaidia kwa sababu inakupa doa la mwanga chini ya picha bila kushindana na uso.

Mikono ipange mapema. Mkono ulio mezani usilale kama samaki sokoni. Uzito wa mwili upite kwenye ncha za vidole viwili au vitatu, kiganja kiwe kimeinuka kidogo. Mkono wa pili ushike kitu au uishie kwenye mkono wa kiti. Ngumi iliyofungwa huleta ukali, na vidole vilivyonyooka vyote vitano huleta woga.

Kichwa usikichore kwa ukubwa halisi. Kutoka kidevuni hadi utosini watu wengi wana sm 22 hadi 24. Ukichora hivyo, ukutani ataonekana jitu, kwa kuwa jicho linamtegemea awe nyuma ya fremu, si mbele yake. Shika sm 20 au 21. Kwa kanvasi ya sm 125 acha sm 14 hadi 16 juu ya kichwa. Ukiacha 25 mzee anaonekana amezama kisimani.

Jaribio la haraka: piga picha mchoro wako kwa simu, uipunguze mpaka ukubwa wa stempu. Sura ikipotea hapo, mpangilio wa mwanga na giza haujakaa. Echegaray huyo huyo sura yake iliingia kwenye noti ya peseta 1,000 ya mwaka 1971, na kwenye nafasi ndogo namna ile hakuna brashi ya ustadi inayokusaidia, ni umbo tu.

---

BiRangi

Asante Mwalimu. Mimi nachukua namba 2 na 3, na nitakaa hapo kwa sababu ndipo oda hizi zinapoharibikia.

Mabaka kwanza. Weusi ulionunua kwenye tyubu, ule wa mfupa uliochomwa, unanywa mafuta mengi na unakauka polepole sana. Ukiupaka mnene juu ya praima (rangi ya kutangulizia kanvasi) inayonyonya, sehemu moja mafuta yanazama chini, pale rangi inabaki imepauka kama suti iliyofuliwa kwa sabuni ya unga. Sehemu ya jirani mafuta yanabaki juu, panang'aa. Weusi ni ule ule, kilichotofautiana ni mafuta. Na ukiharakisha kupaka tabaka linalokauka upesi juu ya weusi huo ambao bado ni laini ndani, utapata nyufa.

Fanya hivi. Tabaka la kwanza la koti usitumie nyeusi ya tyubu kabisa. Changanya ultramarini (buluu iliyokolea) sehemu 2 na amba ya kuchomwa (kahawia nzito) sehemu 1, nyembamba, kwa tapentaini, bila mafuta ya kuongeza. Amba ina manganizi, inakausha upesi, na hapa Dar tabaka hilo hushikika baada ya siku 2 au 3 hivi. Hapo unaweka maumbo makubwa tu: mwili, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, giza la kwapani. Tabaka la pili mchanganyiko ule ule ukiwa na mwili zaidi, tone la mafuta ya linsidi na tapentaini kwa kipimo sawa. La tatu ndipo nyeusi ya mfupa inaruhusiwa, na isipite robo ya mchanganyiko. Kila tabaka la juu liwe na mafuta zaidi kuliko la chini yake. Kanuni hiyo ukiigeuza picha inapasuka, hakuna msamaha.

Halafu viwango vya mwanga. Tengeneza ngazi ya vijivu kwenye kipande cha kadi, 0 weusi kabisa na 10 weupe kabisa. Koti jeusi kwenye mwanga ni 3. Kwenye kivuli ni 2. Sifuri na 1 ziweke mahali pachache sana: chini ya ukosi, kwapani, mpasuko kati ya mkono na mbavu, nyuma ya kifungo. Ukiyajumlisha yasizidi kiganja chako kimoja kwenye kanvasi nzima. Koti linakuwa shimo pale mtu anapoanza na sifuri kila mahali, kisha anatafuta mikunjo kwa kuongeza nyeupe. Nyeupe ndani ya nyeusi hutoa bluu ya majivu, koti linakuwa kama la plastiki. Mwanga wa koti uutoe kwa kijivu kilichotengenezwa: ultramarini, amba, nyeupe kidogo, na ncha ya okra (njano ya udongo) ili kuuzuia usiende kwenye samawati.

Sufu haina mng'ao mkali. Ukosi wa hariri unao. Tazama picha zile: ukosi una ukingo mmoja mkali wa mwanga, upana wa nyuzi chache, na upande wa pili unayeyuka. Bega la upande wa kivuli liache liungane na giza la nyuma mpaka mpaka wake upotee kwa sm 10 au zaidi. Mtazamaji atalijaza mwenyewe.

Tahadhari moja kubwa. Ile kahawia nzito yenye joto unayoiona kwenye picha nyingi za karne ya 19 ilitokana mara nyingi na lami. Wachoraji waliipenda kwa kuwa inang'aa vizuri ikiwa mbichi. Lami haikauki kabisa. Inasogea, inajikunja, inaacha nyufa pana kama udongo wa bwawa lililokauka. Usiitafute, na ukiikuta kwenye tyubu ya zamani iache. Rangi ile ile utaipata kwa amba ya kuchomwa na alizarini (nyekundu iliyoiva) kidogo.

Sasa namba 3, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mfano wa Kihispania umejengwa juu ya ngazi hii: uso 7 au 8, shati 9, koti 2, nyuma 3. Uso unapaa kwa sababu ni mweupe ndani ya giza. Mzee wako uso wake upande wa mwanga ni kama 5, kivuli 2 na nusu au 3. Ukiacha vingine vyote vilivyo, shati la 9 linapiga kelele kifuani na uso unaungana na ukuta wa nyuma. Tatizo si rangi ya mzee. Tatizo ni kwamba umechukua ngazi iliyotengenezwa kwa mtu mwingine.

Hispania yenyewe ilikwisha kulijibu swali hilo kabla ya mabenki hayo kuwepo. Mchoraji Velázquez alimchora Juan de Pareja mjini Roma mwaka 1650, mtu wa asili ya Kiafrika aliyekuwa mtumwa wake, na hati ya kumwacha huru ikatiwa saini mwaka huo huo. Picha iko makumbusho ya Metropolitan, New York. Iangalie kwa utulivu. Nyuma ni kijivu cha kijani, cha kati, wala si giza. Nguo zimeshuka karibu na kijivu hicho. Ukosi wa lasi ni mweupe, lakini umevunjwavunjwa kwa kijivu, hauna uwanja mmoja mpana wa weupe. Kinachobaki na joto ni ngozi peke yake, na ndiyo maana jicho linaenda usoni moja kwa moja. Uso haukupaushwa hata kidogo.

Chukua ngazi hiyo. Nyuma ya kichwa weka 4, ipande mpaka 5 upande wa kivuli cha uso na ishuke 3 upande wa mwanga, ili kila upande wa kichwa upate mpinzani wake. Ukuta uwe wa ubaridi: amba mbichi, nyeupe, ultramarini kidogo. Shati lisipite 7 na nusu, na nusu yake iwe chini ya kivuli cha kidevu na tai. Koti 2. Uso utakuwa na nafasi ya kwenda kutoka 2 na nusu mpaka 7 kwenye mng'ao wa paji, na hakuna sehemu nyingine ya picha yenye safari ndefu kiasi hicho.

Ngozi: siena ya kuchomwa (kahawia nyekundu), okra ya njano, ultramarini, alizarini, nyeupe ya titani. Kivuli ni siena, alizarini na ultramarini, bila nyeupe. Ukitia nyeupe kwenye kivuli cha ngozi nyeusi unapata vumbi. Sehemu ya kati ni siena na okra, hapo ngozi ina rangi yake kamili. Mwanga wa paji, mfupa wa shavu na ncha ya pua ni wa baridi, kwa sababu ngozi nyeusi inaakisi dirisha: nyeupe na ultramarini kidogo, imevunjwa kwa rangi ya ngozi iliyo chini. Upana wake mdogo, kingo upande mmoja laini. Chini ya jicho na pembeni mwa mdomo kuna zambarau iliyofifia, usiisahau, ndiyo uhai wa uso wa mzee. Na mvi zisichorwe nyeupe. Ni kijivu 5, na nywele chache tu za 7.

---

FundiFremu_Buguruni

Habari za humu. Najibu namba 4.

Kitani kizuri ndicho bora lakini hapa hakipatikani kila siku. Kikikosekana tumia pamba nzito ya turubai, kati ya gramu 340 na 400 kwa mita mraba. Kitambaa cha marekani cha dukani Kariakoo usikitumie kwa kipimo hiki, ni chepesi, baada ya mwaka kinalegea katikati kama shuka. Pamba ifue kwa maji ya moto kuondoa wanga, ikauke, ipigwe pasi.

Fremu ya ndani: msonobari mkavu. Mbao nyingi za Mafinga zinafika Dar zikiwa na maji bado. Zipange ndani ya nyumba na vijiti katikati, wiki 4 hadi 6, kisha ndipo zipigwe randa. Upana sm 6, unene sm 2.5, na ukingo wa ndani uchongwe kwa mteremko ili kanvasi isiguse mbao. Isipochongwa, mstari wa mbao utajitokeza mbele ya picha baada ya miezi. Weka mtambuko mmoja katikati ya ule urefu wa sm 125. Pembe ziwe za kuchomekana na kabari, zisigongwe misumari wala gundi, maana kanvasi ikilegea utahitaji kuzifungua kidogo. Pima mishazari yote miwili: kwa sm 125 kwa 100 kila mmoja uwe karibu sana na sm 160. Ukizidi mwingine kwa nusu sentimita, fremu ya nje haitakaa.

Gundi ya ngozi ya sungura wanayosifia vitabu vya Ulaya iache. Inanyonya unyevu, inavimba, inalegeza kitambaa, na kuvu inaipenda. Weka gundi ya akriliki isiyo na rangi tabaka 2, halafu praima ya akriliki tabaka 3 au 4, kila moja ikatize iliyotangulia, msasa namba 220 katikati. Subiri siku 3 kabla ya kugusa kwa mafuta. Wakati wa masika subiri wiki. Akriliki chini ya mafuta inakubalika, juu ya mafuta kamwe.

Kuhusu ukumbi: kiyoyozi cha kuwashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko unyevu wa kudumu. Kanvasi inakaza na kulegea kila siku, rangi inachoka. Mgongo wa picha ufunikwe kwa shiti ngumu ya plastiki yenye mawimbi, ifungwe kwa skrubu kwenye fremu ya ndani, si kwa gundi. Hiyo inapunguza kupanda na kushuka kwa unyevu, na inazuia mijusi na nyigu wa udongo, ambao hujenga kati ya mbao na kitambaa mpaka kitambaa kinabenuka mbele. Pembe nne za nyuma weka vipande vya koki vya sm 1 ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Isiwe chini ya mdomo wa kiyoyozi, isiwe kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, na isitazamane na dirisha.

Fremu ya nje mninga inafaa sana, rangi yake ya asali nzito inakaa vizuri na kijivu. Mpingo ni mzito mno kwa kipimo hicho, na unapasuka ukichongwa mwembamba. Tundika kwa pointi mbili, kila moja ibebe uzito wote peke yake.

---

Nishani64

Nyongeza kuhusu nguo na vitu vya heshima, maana benki ina wanasheria na wataiona kila kasoro.

Kwenye zile picha za Hispania kuna mikanda mipana ya hariri inayoshuka kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto, na nyota kifuani upande wa kushoto. Ile ya buluu, nyeupe katikati, buluu tena ni ya Carlos III, nishani iliyoanzishwa mwaka 1771. Isabel la Católica ilianzishwa 1815. Zilikuwa zinatolewa kwa hati. Usimvike mzee mkanda wowote eti kwa ajili ya uzuri. Kama ana nishani ya taifa, omba aje nayo siku ya kukaa, na upime kwa rula, usikisie kwa picha ya gazeti. Kama hana, kifua kiwe wazi.

Beji ya bendera kwenye ukosi: mstari mweusi unapanda kutoka chini upande wa mlingoti hadi juu upande wa pili, dhahabu pande zote mbili, kijani juu, buluu chini. Kwenye kanvasi yako beji itakuwa na upana wa sm 2 hivi. Usiandike kila mstari. Kijani, buluu, mweusi kwa mguso mmoja mmoja, kisha dhahabu mbili kwa brashi namba 0, imekwisha. Ila mwelekeo usikosee.

Na makosa ya mwelekeo huwa yanatoka kwenye simu. Kamera ya mbele ya simu nyingi hugeuza picha kama kioo. Kagua: koti la mwanaume upande wa kushoto wake unalala juu ya wa kulia, na mfuko wa kitambaa kifuani uko kushoto kwake. Ukiona kinyume, picha imegeuzwa, na uso nao umegeuzwa. Wanaomjua mzee watasema "si yeye" bila kujua kwa nini.

Piga picha za rejea kutoka mita 3 kwa kuvuta lenzi. Ukiwa karibu, pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Lenzi iwe usawa wa kifua cha mzee kama picha itatundikwa juu.

---

MwalimuUpanga

Nishani kanikumbusha mwanga. Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la kaskazini. Hapa Dar, nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, ushauri huo unageuka kwa majira. Kuanzia takriban wiki ya pili ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la saa sita mchana liko kusini yetu, na dirisha la kaskazini ndilo tulivu. Miezi mingine jua liko kaskazini, kwa hiyo mketishe mzee kwa dirisha la kusini. Dirisha moja tu, mengine yafunikwe, na sehemu ya chini ya dirisha hilo izibwe mpaka usawa wa mabega yake ili mwanga ushuke kutoka juu. Vikao 6 vya saa moja na nusu vinatosha kama picha za rejea ni nzuri: viwili vya kwanza umbo na viwango, vitatu uso na mikono, kimoja cha kusahihisha akiwa amesimama karibu na kanvasi.

Na kwenye mkataba andika nani anaidhinisha. Mtu mmoja, jina na cheo. Bodi nzima ikipewa idhini, kila mjumbe ataomba pua tofauti. Gawa malipo: sehemu ya kwanza kabla ya kununua vifaa, ya pili mchoro wa viwango vya mwanga na giza ukikubaliwa, ya mwisho siku ya kukabidhi.

---

KanvasiTemeke

Nashukuru sana wakubwa. Ngazi ya BiRangi nimeijaribu kwenye kadi ya sm 30, uso umetoka mbele bila kuguswa. Limebaki moja: benki wanataka kukabidhiwa katikati ya Aprili, na wanasisitiza picha iwe na vanishi siku hiyo. Rangi itakuwa na miezi miwili tu.

---

BiRangi

Usikubali, na mweleze aliyeagiza sababu kwa maneno haya: vanishi ya mwisho juu ya mafuta ya miezi miwili inaungana na rangi, ikija kusafishwa baadaye inaondoka na uso wa mzee. Kwa tabaka nyembamba subiri miezi 6 angalau, kwa koti lenye matabaka matatu sogea kuelekea 12. Jaribio: pamba kwenye kijiti, tone la tapentaini, sugua taratibu kona ya koti. Pamba ikitoka na weusi, bado.

Tena Aprili ni katikati ya masika. Vanishi ya damari (utomvu wa mti) ukiipaka hewa ikiwa imejaa maji inatoa ukungu mweupe, na juu ya koti jeusi ukungu huo unaonekana kutoka mlangoni.

Kwa siku ya kukabidhi fanya hivi. Wiki 2 kabla, changanya linsidi na tapentaini kwa kipimo sawa, kijiko kimoja cha chai kinatosha koti lote. Paka kwa kitambaa kisicho na nyuzi sehemu zilizofifia tu, subiri dakika 10, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka kidole kisiteleze. Weusi utarudi mahali pake. Usiache hata ukanda wa mafuta juu, utageuka manjano na kunasa vumbi. Uso usiuguse kama haujafifia.

Kwenye mkataba ongeza mstari mmoja: mchoraji atarudi Januari au Februari mwakani, kiangazi, kupaka vanishi ya sintetiki inayoweza kuondolewa, ya mng'ao wa kati, picha ikiwa imelazwa mezani na kiyoyozi cha ukumbi kimezimwa ili kisirushe vumbi.

---

FundiFremu_Buguruni

Na siku hiyo ya Januari nipigie hodi humu kabla hujafungua mgongo, nikuelekeze kabari. Baada ya masika moja na vuli moja lazima pembe mbili zitakuwa zimelegea. Gonga kabari kidogo kidogo, kabari zote nane kwa zamu, na uweke kipande cha kadi kati ya nyundo na kanvasi. Vanishi ije baada ya hapo, siyo kabla.

---

KanvasiTemeke

Sawa fundi. Mbao nimeshazipanga ndani, vijiti katikati. Mstari wa vanishi naupeleka kwao kesho pamoja na mchoro wa viwango.